Mara ya kwanza uliulizwa vipi?

Nakumbuka babu akinikatia embe chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya jiko. Hata rangi ya kanzu yake naikumbuka. Nilipomsimulia mama, alicheka: mwembe ule ulikatwa mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Embe huenda nilikula kweli, na babu ndiye aliyelikata. Mti nimeuokota kwenye hadithi za wakubwa nikaupanda kwenye yangu.

Kosa la aina hii, la kukumbuka kisichotokea, nyumbani huishia kwenye kicheko. Mahakamani linaweza kumfunga mtu, na ndiyo maana wanasaikolojia wamelibishania kwa miaka mingi.

Mwaka 1974, nchini Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walichobadilisha ni kitenzi tu. Walioulizwa kuhusu magari "yalipopondana" walikadiria wastani wa maili 41 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana" walisema 32. Katika jaribio la pili, baada ya wiki moja, waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo kabisa kwenye filamu. Lakini kati ya 50 walioulizwa awali kwa neno la kupondana, 16 walijibu ndiyo. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kawaida la kugongana, ni 7 tu.

Mwaka 1995 Loftus na Jacqueline Pickrell wakaenda mbali zaidi. Waliwapa watu 24 visa vya utotoni: vitatu vya kweli, vilivyotoka kwa ndugu zao, na kimoja cha kubuni, kwamba walipotea kwenye jengo la maduka wakiwa wadogo. Sita walikikumbuka, kikamilifu au kwa sehemu. Utafiti uliorudia jaribio hilo mwaka 2023 kwa watu 123 ulipata asilimia 35.

Wapinzani wana hoja nzito. Ni mtoto gani hajawahi kupotezana na mama yake sokoni, hata kwa dakika mbili? Kathy Pezdek na wenzake, mwaka 1997, walijaribu kupandikiza kisa kisicho cha kawaida, cha kupigwa enema (kuingizwa maji kwenye njia ya haja kubwa) utotoni na mzazi. Hakuna hata mmoja aliyekikubali. Linda Meyer Williams naye, mwaka 1994, alieleza jinsi wanawake 129, ambao rekodi za hospitali zilionyesha walidhulumiwa kingono utotoni, walivyohojiwa miaka 17 baadaye. Asilimia 38 hawakukitaja kisa kile. Wengine huenda waliona aibu tu, lakini si rahisi kusema wote walinyamaza kwa makusudi. Hivyo mtu anayesema "nilisahau, nikakumbuka" si lazima awe amepandikiziwa kumbukumbu.

Kuna na manung'uniko mengine, kwamba sayansi hii imekuwa ngao ya wenye fedha. Loftus alitoa ushahidi upande wa utetezi katika kesi ya Harvey Weinstein, mtayarishaji filamu aliyeshtakiwa kwa ubakaji, mwaka 2020, na ya Ghislaine Maxwell, aliyeshtakiwa kwa usafirishaji wa wasichana wa kutumiwa kingono, mwaka 2021. Kwangu hilo halibatilishi majaribio yake. Linanikumbusha tu kwamba maabara inaonyesha kinachoweza kutokea. Haijui kilichompata shahidi aliyesimama kizimbani leo.

Huku kwetu tahadhari hii si ngeni. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya mwaka 1980 ya mtu aliyeitwa Waziri Amani, iliuita ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho kuwa dhaifu kuliko wote, ikataka kujua shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama walifahamiana kabla. Maswali mazuri. Lakini yote hayo yanahusu kilichotokea usiku wa tukio. Loftus anatuonyesha kwamba kumbukumbu huharibika pia asubuhi yake, kituoni, mbele ya mtu anayeuliza. Kinachokaribia kuziba pengo hilo ni msimamo mwingine wa mahakama zetu: shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema, tangu nafasi ya kwanza, ana uzito zaidi. Na hapo hata mwanasaikolojia John Wixted, anayewatetea mashahidi wa macho, anakutana nao: uhakika wa siku ya kwanza una thamani, wa miezi baadaye hauna.

Tazama kesi ya Ronald Cotton, North Carolina, Marekani. Mwaka 1984 mwanamke aliyebakwa alijilazimisha kuukariri uso wa mbakaji ili aje kumtambua. Alipochagua picha ya Cotton, kisha akamchagua tena kwenye gwaride la utambulisho, polisi walimhakikishia kuwa ni yule yule wa kwenye picha. Mahakamani hakuwa na shaka hata chembe. Baadaye mbakaji halisi aliletwa mbele yake, na hakumtambua. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka 10, hadi vipimo vya vinasaba vilipomtoa mwaka 1995.

Siku ile ya kwanza, mbele ya zile picha, mwanamke yule alikuwa amechukua karibu dakika tano kabla ya kuchagua. Kisha akasema anadhani ndiye.