Chungu chenye ufa katika kaburi la Mrumi

Katika ripoti za makaburi ya Uingereza ya Kirumi, hasa ya karne ya 1 na ya 2 wakati wafu wengi walipochomwa, kuna maelezo yanayojirudia: mifupa iliyoungua imetiwa katika chungu cha kijivu cha jikoni kilichomeguka mdomo, na kando yake mtungi uliokatika mkono au sahani nyekundu ya Gallia (Ufaransa ya leo) iliyochakaa. Hukumu nayo hujirudia: familia ilitoa vyombo ambavyo haikuvihitaji tena.

Hoja hiyo ina uzito. Maskini naye hufiwa, na huzika kwa alicho nacho. Tena majembe ya wakulima yamekwangua makaburi mengi, kwa hiyo si kila mdomo uliomeguka ulimeguka zamani.

Lakini ubahili hauelezi kuni. Ili mifupa ya mtu mzima iwe myeupe, kama ilivyo katika mengi ya makaburi haya, moto hauna budi kupita nyuzi joto 600 na kuwaka kwa saa kadhaa. Hayo ni mamia ya kilo za kuni: zikatwe, zibebwe, zipangwe, na awepo wa kuuchochea moto hadi mwisho. Kisha kuna aliyeinama juu ya majivu akaokota mifupa kipande kwa kipande. Watu waliojitwika kazi yote hiyo waje wabane matumizi kwenye chungu, pengine kitu cha bei ndogo kuliko vyote vya siku ile? Sishawishiki hata kidogo.

Mshairi wa Kirumi Ovid, katika Fasti, shairi lake kuhusu sikukuu za mwaka, anaeleza jinsi wafu walivyoenziwa mwezi Februari. Mizimu, anasema, huomba vidogo: nafaka, punje za chumvi, mkate uliolowekwa kwenye divai, vyote juu ya gae lililoachwa njiani; uchaji huwapendeza kuliko zawadi ya kitajiri. Ni kweli aliandika habari za Roma, si za Colchester, mji wa Uingereza, lakini kwake gae halikuwa aibu.

Colchester kwenyewe kuna chombo maarufu chenye picha za wapiganaji wa uwanjani, kilichofukuliwa 1853 kikiwa na mifupa iliyoungua. Uchunguzi uliotangazwa 2023 ulionyesha kwamba majina yaliyomo, kama Memnon na Valentinus, yalichorwa kabla udongo haujachomwa. Yaani kiliagizwa maalumu. Mifupa ni ya mwanamume aliyepita miaka 40. Hapa ni rahisi kukubali kwamba chombo kilichaguliwa kwa sababu ya uhusiano wake na tukio au mtu fulani. Kwa nini basi chungu chenye masizi, kilichompikia marehemu kwa miaka, kinyimwe maelezo hayo hayo?

Suala hili linaweza kupimwa. Ufa wa kale huwa na kingo zilizolika na uchafu uliogandamana, ufa wa jembe huwa mpya. Ripoti zitenganishe hizo mbili, ziandike masizi na alama za kuchakaa kaburi kwa kaburi, na ziache kutumia neno “takataka” kabla kazi hiyo haijafanyika.