Kauntatena si towashi

Mwaka 2017 kijana wa Kipolandi, Jakub Józef Orliński, alisimama mbele ya kamera huko Aix-en-Provence, Ufaransa, kavaa kaptura kama mtu anayetoka sokoni, akaimba aria (wimbo wa mtu mmoja ndani ya opera) ya mtunzi Vivaldi iitwayo "Vedrò con mio diletto". Mamilioni wameitazama video hiyo. Nami nikairusha kwenye grupu la WhatsApp la kwaya yetu. Hata simu sijaiweka chini, mama mmoja wa sauti ya pili akajibu: "Mwimbaji mwenyewe yuko wapi? Namwona kaka tu."

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa na uzito kuliko alivyojua.

Huyo kaka ni kauntatena: mwanaume mzima, aliyebalehe salama salimini. Anaimba kwa falseto, yaani nyuzi za sauti zinatetemeka kingoni tu, na sauti inatoka nyembamba. Sisi wa sauti ya tatu tunaijua sana hiyo. Noti ikitushinda tunakimbilia humo humo kimyakimya, tukiomba mwalimu asisikie. Tofauti ni kwamba yeye amekaa miaka akiifunza, sisi tunaibia.

Sina ugomvi na sauti yenyewe, naipenda. Ugomvi wangu ni na yale maneno ya kwenye majalada ya albamu, kwamba ukimweka kauntatena umerudisha muziki wa Baroki, ule wa Ulaya wa enzi za Vivaldi, Bach na Handel, kama ulivyokuwa. Umerudisha nini? Aria ile iliimbwa Roma mwaka 1724, mji ambao Papa alikuwa amewakataza wanawake kupanda jukwaani, na iliandikiwa towashi. Naam, towashi, neno lile lile la Matendo ya Mitume. Mvulana alihasiwa kabla ya kubalehe, kikoromeo kikabaki kidogo huku kifua kikiendelea kukua. Pumzi za mtu mzima zikawa zinapita kwenye nyuzi za mtoto. Hakuhitaji falseto, ile ndiyo ilikuwa sauti yake.

Tunaye mmoja kwenye santuri, Alessandro Moreschi, mwimbaji wa Kanisa Dogo la Sistina kule Vatikani, aliyerekodiwa Roma mwaka 1902 na 1904. Tafuta "Ave Maria" yake, ile ya Bach na Gounod. Kwanza ni mikwaruzo, halafu piano kama iko chumba cha pili, halafu anaingia yeye. Noti haipigi moja kwa moja, anaipandia kutoka chini kama mtu anayemeza kilio. Anapofika juu, pale ambapo kauntatena wengi hunyauka, yeye ndipo anapofunguka. Alikuwa na miaka 45 na sauti imeshachoka, kwa hiyo sitasema ni nzuri. Mara ya kwanza niliizima katikati. Ila tangu siku hiyo mtu akiniambia kauntatena ndiye mrithi wa matowashi, najua hajaisikiliza. Waliotengeneza filamu ya towashi Farinelli mwaka 1994 nao waliona ugumu huo, wakaunganisha kwa kompyuta sauti ya kauntatena na ya soprano mwanamke.

Na mtunzi Handel mwenyewe? Opera yake Radamisto ilipoanza London, Aprili 1720, shujaa aliimbwa na mwanamke, Margherita Durastanti. Senesino, towashi maarufu, aliichukua nafasi hiyo Desemba. Hapo katikati Handel hakuhangaika kumsaka mwanaume wa falseto.

Kanisani ni habari nyingine. Kule Leipzig, Ujerumani, kwa mtunzi Bach wanawake hawakuimba kanisani, sauti ya alto ilikuwa ya wavulana na vijana wa kiume. Uingereza nako wanaume wa kwaya za makanisa makuu hawakuiacha alto kabisa, na ndiko alikotoka Alfred Deller, aliyeonwa na mtunzi Michael Tippett akiimba Canterbury miaka ya 1940. Kantata (utungo wa kuimbwa kanisani) ya 170 ya Bach aliyorekodi Deller mwaka 1954 na mwanamuziki Gustav Leonhardt naisikiliza usiku, taa zikiwa zimezimwa. Hamlazimishi mtu. Maikrofoni inamsogeza karibu kabisa na sikio, na sauti ya namna hiyo haitaki zaidi ya hapo.

Lakini Julius Caesar, shujaa wa opera ya Handel? Amekabidhiwa kichwa cha Pompey, anamgeukia mjumbe wa Misri kwa hasira, aria ni "Empio, dirò, tu sei", na noti zinamiminika kuelekea chini. Huko chini falseto huisha nguvu. Kauntatena ama afifie, ama aangukie sauti yake ya kiume, na ule mshono unausikia waziwazi. Zamani waliwapa wanaume wa sauti nene, kama Dietrich Fischer-Dieskau, wakishusha kila kitu oktava nzima. Hilo silitaki hata kulizungumza. Kiongozi wa okestra René Jacobs alipoirekodi opera hiyo mwaka 1991 alimpa Caesar mwanamke, Jennifer Larmore. Na Jacobs mwenyewe alikuwa kauntatena! Tolomeo, yule mfalme mdogo mwenye hila, ndiye aliyempa kauntatena, Derek Lee Ragin. Kila mtu amekaa panapomfaa.

Aria hiyo ya Caesar, akiimba Larmore, nayo nikaitupia grupu, bila maelezo. Safari hii mama alichelewa kujibu, kisha akaandika: "Huyu dada anamfokea nani? Hata mimi nimenyamaza."