Michezo ya dakika tano darasani: inasomesha au inakula kipindi?

Ukikaa na walimu wa sekondari hapa Unguja hukosi kuyasikia mabishano haya, mmoja anasema vijana wanasinzia lazima uwachangamshe na mchezo kidogo, mwengine anamjibu kipindi chenyewe dakika 40, toa za kuingia na kufuta ubao, ukicheza utasomesha saa ngapi? Na wote wawili wana hoja.

Wanaopinga nawaelewa kabisa. Skuli nyingi zina mikondo miwili, wa asubuhi hawajatoka wa mchana washajaa nje, kwahiyo dakika ikipotea ndo imepotea. Darasa limefurika, kuta zina matundu juu, wakipiga kelele wako na wa jirani hawasomi. Halafu kuna mitihani, kidato cha pili wa Baraza la Mitihani la Zanzibar, cha nne wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, na silabasi haimsubiri mtu.

Ya kweli yote hayo, ila mie naona hayajagusa penyewe.

Chukua mchezo wa kadi wa kemia wakifika kwenye fomula. Mwalimu anakata maboksi ya biskuti, kila kipande ayoni moja, yaani chembe yenye chaji ya umeme ya kujumlisha au ya kutoa: sodiamu Na+, kloraidi Cl-, salfeti SO4 yenye chaji 2-. Kila mtoto anapewa chake, haya tafuta mwenzako mwandike fomula. Sodiamu akimkuta kloraidi wamemaliza. Akimkuta salfeti wanakwama, chaji hazilingani, moja kwa mbili, lazima waende wakamtafute sodiamu mwengine ndo iandikike Na2SO4. Ile 2 ambayo ubaoni mtoto alikuwa anainakili tu bila kujua imetoka wapi, sasa ni mtu kasimama ubavuni kwake! Kwa mchezo huo hata dakika kumi mie natoa.

Lakini mchezo unaochezwa sana sio huo. Ni kundi A na kundi B, mwalimu anauliza, anaejua ananyoosha mkono, makofi. Unapendeza kweli, mgeni akija anapiga na picha. Sasa angalia nani anajibu, ni wale wale watatu wa mbele ambao hata usipocheza wanajua, waliobaki kazi yao makofi. Na swali linaulizwa kwa Kiingereza, yupo mtoto jibu analo kichwani ila anaogopa kuchekwa matamshi, ananyamaza, anahesabiwa hajui.

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, walitoa utafiti wao, wanafunzi walisoma habari fupi, wengine wakairudia kuisoma, wengine wakaambiwa waandike wanachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndo walokuwa mbele, baada ya wiki ikageuka, walioandika kwa kukumbuka wakawapita. Na kila mmoja alikumbuka kwa kichwa chake kwenye karatasi yake, hakukaa kumtizama mwenzake akikumbuka. Hapo ndo makundi A na B yanapofeli.

Kwahiyo kama ni dakika tano ziwekwe mwanzo wa kipindi, yaulizwe maswali ya wiki iliyopita, kila mtu aandike kwanza kwenye kipande cha karatasi halafu wanyanyue wote pamoja. Kelele hamna na mwalimu anaona darasa zima kwa mpigo mmoja. Au bingo ya elementi 20 za mwanzo, unataja namba ya atomiki 11 kila mtu anaitafuta Na, yaani sodiamu, kwenye karatasi yake. Kahoot na jamaa zake, ile michezo ya maswali ya kwenye simu, tuziache, simu skuli haziruhusiwi.

Jengine, sisi tumekulia vitendawili na humo mtu akishindwa anatoa mji, anapewa jibu, mchezo unaendelea, hakuna aliefedheheka. Darasani anaeshindwa anazomewa halafu tunashangaa mbona hashiriki. Kwanini asitoe mji na yeye?

Pale ninapokuwa na wapinzani ni mada ikiwa mpya kabisa. Mtoto hajaelewa chaji ni nini unampa kadi azunguke nayo, atakumbuka nini? Hapo chaki kwanza. Na zawadi za peni na pipi pia sizitaki, maana kila wiki zinamwendea yule yule wa mbele.