Ripoti ya usalama wa wanadiplomasia ianze kusomwa getini

Kwa muda mrefu nimekuwa nafuatilia hizi ripoti za ukaguzi kuhusu namna serikali zinavyowalinda wanadiplomasia wao na ugaidi, hasa za Marekani maana wenzetu wanaziweka wazi mtu yeyote anasoma, na kuna kitu kinaniumiza kila nikizisoma. Mkaguzi akimaliza kazi rasimu inapelekwa kwenye taasisi zinazohusika, zinakaa, zinaipitia, zinaandika majibu, na majibu yenyewe mara nyingi ni tumekubaliana na pendekezo, tunalifanyia kazi. Hata hapa kwetu mtu aliyewahi kufanya kazi halmashauri anaijua ile pilikapilika ya kufunga hoja za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, mafaili yanatafutwa, viambatisho vinatafutwa, hoja ikifungwa watu wanapumua. Kwenye risiti ya mafuta labda inatosha. Kwenye roho za watu haitoshi kabisa, na msimamo wangu ni huu: wanaopitia ripoti za aina hii waanze na mtu wa getini na mtu wa kwenye usukani, wawaulize hao kama pendekezo limewafikia, ndo waandike kwamba limetekelezwa.

Naongea kama dereva. Nimewaendesha wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa hapa Arusha miaka mingi, nimepeleka watoto wao shule, nimewasubiri nje ya mikutano mpaka usiku, kwa hiyo haya mambo siyasomi kama hadithi ya mbali.

Mei 2005 ile ofisi inayokagua serikali kwa niaba ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti ikasema Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo haijatekeleza kikamilifu hatua muhimu za kuwalinda maofisa wake wakiwa nje ya ubalozi. Nje ya ubalozi maana yake nyumbani, njiani, shuleni kwa watoto. Sababu inaeleweka, ubalozi ukishazungushiwa ukuta mnene na vizuizi, anayetaka kuua anatafuta mahali pepesi. Laurence Foley, ofisa wa USAID, shirika la misaada la Marekani, alipigwa risasi Amman, Jordan, Oktoba 2002 asubuhi nyumbani kwake akiwa anaelekea kwenye gari aende kazini. Na miaka kumi baada ya ile ripoti, 2015, GAO wakaangalia makazi 68 ya wanadiplomasia nchi mbalimbali wakakuta 17 hayajakidhi viwango vyote vya usalama, yaani robo nzima, na hilo ni taifa lenye hela na wataalamu.

Sasa turudi 1998, mwaka balozi za Marekani za Nairobi na Dar zilipolipuliwa, maana hapo ndo kuna kila kitu ninachotaka kusema. Mwaka 1985, baada ya mabomu ya Beirut, jopo la Admirali Inman lilishaiambia serikali ya Marekani balozi zake zikae mbali na barabara, futi 100 hivi, mita kama 30. Miaka 13 baadaye ubalozi wao Nairobi ulikuwa bado uko kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, katikati ya jiji, basi zinapita, watu wanapita, na balozi mwenyewe Prudence Bushnell alikuwa ameshaandika Washington kwamba jengo lile si salama na anaomba lingine. Kwa hiyo onyo lilikuwepo kwa maandishi, lililosainiwa, limepokelewa. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti lori likaingia nyuma ya jengo. Walinzi wa geti lile, Wakenya wenzetu, hawana hata bunduki, wakakataa kufungua. Hebu soma hapa taratibu: mlinzi akajaribu kuita kwa redio walioko ndani, masafa yakawa yanatumika, simu nayo ikawa inatumika. Guruneti likarushwa, watu kwenye maofisi wakasikia kishindo wakakimbilia madirishani kuchungulia, halafu bomu lenyewe likalipuka na vioo vikawaingia machoni. Wakafa watu 213 Nairobi, na kati ya hao Wamarekani walikuwa 12.

Dar es Salaam siku hiyohiyo, karibu muda uleule, lori la bomu lilikuta lori la maji la ubalozi limekaa mbele yake getini likashindwa kusogea zaidi, na lile tangi la maji likabeba sehemu kubwa ya nguvu ya mlipuko. Dereva wa lile lori la maji alikufa. Walinzi wa getini walikufa. Jumla ni watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Mimi kila nikifika hapo nasimama. Aliyewaokoa watu wa ndani ni dereva wa maji, mtu ambaye sidhani kama jina lake liliwahi kuwa kwenye mpango wowote wa usalama wa ubalozi ule zaidi ya orodha ya wanaoruhusiwa kuingia.

Baada ya hapo zikaundwa bodi za uchunguzi chini ya Admirali William Crowe, zikatoa ripoti Januari 1999. Zikasema hakuna mtumishi mmoja mmoja aliyevunja wajibu wake, ila serikali kwa ujumla wake ilishindwa kwa muongo mzima uliotangulia kutoa rasilimali za kutosha. Ndugu zangu, hapo ndo kufunga hoja kwa karatasi kunakotufikisha. Kila ofisi ilisoma, kila ofisi ilijibu vizuri, na mwisho wa siku hakuna wa kushikwa mkono. Nakubali kwamba baada ya hapo walijenga upya, sheria ya zile futi 100 ikapitishwa mwaka huohuo 1999, Dar na Nairobi zikapata majengo mapya, hilo lazima tuliseme. Lakini ilihitaji watu 224 wafe ndo pendekezo la 1985 lipate nguvu ya sheria.

Hapa Arusha kuna watu wanaona hizi ni habari za Dar. Si kweli. Tuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye nchi nane wanachama, tuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Lakilaki kuna ile taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kesi za Rwanda, na mikutano pale AICC, kituo chetu cha mikutano ya kimataifa, haikauki. Na tumeshaguswa. Tarehe 5 Mei 2013 pale Olasiti, parokia mpya ya Mtakatifu Yosefu inazinduliwa, balozi wa Papa nchini yuko palepale kuongoza ibada, bomu likarushwa kwenye watu. Yeye alitoka salama. Waumini watatu walifariki na wengine zaidi ya sitini walijeruhiwa, watu wa Olasiti, majirani zetu. Angalia mfanano na Dar: mwanadiplomasia anatoka salama, wanaozikwa ni wenyeji waliokuwa karibu naye. Agosti 2021 tena, mtu mwenye bunduki akaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi Dar, na yeye akauawa pale kwenye geti la ubalozi wa Ufaransa. Mlinzi tena. Geti tena.

Ndo maana nataka kuwaonyesha geti lenyewe likoje, kwa sababu wanaoandika majibu ya ukaguzi nahisi hawalijui. Chukua nyumba ya mgeni mkubwa Njiro, ukuta mrefu, nyaya za umeme juu, kamera mbili. Nikifika na gari napiga honi mbili fupi, geti linafunguliwa. Hakuna anayechungulia kwanza, hakuna anayetazama nani kakaa nyuma yangu au kama nimeshikiwa kitu kiunoni, maana honi anaijua na gari analijua na bosi akicheleweshwa getini anakasirika. Kioo cha kuangalia chini ya gari kipo, kimeegeshwa kwenye kibanda, kinatolewa siku wakaguzi wa kampuni wanapita. Redio ipo lakini chaji inaisha usiku wa manane. Mlinzi yuko peke yake, lindo la masaa kumi na mawili mfululizo, amekuja kwa miguu kutoka Kwa Mrombo, na akikosea kumzuia rafiki wa bosi kesho yake anahamishwa lindo. Mtu huyo huwezi kumlaumu kwa lolote. Kwenye karatasi lakini nyumba hiyo ina tiki zote, ukuta tiki, kamera tiki, mlinzi saa 24 tiki.

Na sisi madereva vilevile. Asubuhi naondoka saa ileile, napita barabara ileile ya Njiro, kipilefti ya Impala ileile, namwacha mtoto geti lilelile la shule. Mtu akikaa kwenye kijiwe cha bodaboda wiki moja tu ameshaijua ratiba ya familia nzima. Foley alikuwa anaelekea kwenye gari lake asubuhi ya siku ya kazi, muda ambao kila anayemfahamu angejua yuko pale. Mafunzo ya kujilinda anapewa mgeni kabla hajaja, darasani huko kwao, mimi ninayeshika usukani wake kila siku naambiwa tu endesha vizuri.

Serikali yetu nayo ina wajibu wake hapa, si suala la wageni kujilinda wenyewe. Mkataba wa Vienna wa 1961 kwenye ibara ya 22 na ya 29 unaitaka nchi mwenyeji ichukue hatua zote zinazofaa kulinda majengo ya ubalozi na mtu mwenyewe wa ubalozi, na hizi taasisi za Arusha zina mikataba yake ya uenyeji. Tuna kituo cha polisi cha utalii na diplomasia hapahapa mjini, jambo zuri sana na nalipongeza kwa dhati. Ningependa kituo hicho kiwe na utaratibu wa kukaa na walinzi wa makampuni na madereva, wote, si mameneja wao, wajue namba ya kupiga na nani anapokea, na ipigwe kweli siku ya majaribio saa nane usiku tuone inachukua muda gani mtu kufika Njiro au Sakina.

Najua hoja itakayokuja, mambo ya usalama ni siri, huwezi kumpa kila mlinzi mpango wa ulinzi. Sawa, mpango ubaki siri. GAO wenyewe wana matoleo ya siri na wanatoa la wazi kwa wananchi, na mambo yanakwenda. Mlinzi hahitaji kujua ramani ya jengo. Anahitaji redio yenye chaji, masafa yasiyoingiliwa, mtu wa pili kwenye lindo, na ruhusa iliyoandikwa ya kumzuia yeyote bila kupoteza kazi. Hayo ukiyasema hadharani hayamsaidii gaidi chochote.

AFCON 2027 inakuja, uwanja mpya uko hapa, na wageni wa ngazi zote watalala mji huu kwa wiki kadhaa, hoteli zitajaa, nyumba za Njiro, Sekei na Ilboru zitapangishwa. Ukaguzi wa usalama utafanyika, hilo sina shaka, na ripoti itapitiwa na wizara, polisi, mkoa na wenye taasisi zao. Wakikaa mezani naomba waite walinzi wawili watatu na madereva wawili watatu, wawape viti, wawasomee yale majibu kwa Kiswahili pendekezo kwa pendekezo, na kila penye neno limetekelezwa wawaulize kama ni kweli. Mlinzi akisema redio bado haina chaji, hoja hiyo isifungwe mpaka betri inunuliwe.