Bingwa wa wazee, au kila dokta awajue wazee?

Ukikaa na vijana wanaosomea udaktari hapa Mwanza ubishi haukosi: tusomeshe mabingwa wa magonjwa ya wazee, au kila daktari na tabibu afundishwe kumhudumia mzee? Mi nina upande wangu, ila ngoja nianze na bibi.

Bibi katoka Sengerema, kavuka daraja, dawa zake kazifunga fundo kwenye ncha ya kitenge. Kufungua tunakuta bahasha nne, mbili za presha, moja ya sukari na diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti aliyojinunulia duka la dawa. Sasa diklofenaki inapandisha presha na figo za mzee inaziumiza, yani huenda hata ile dawa ya pili ya presha aliongezewa kwa sababu ya hiyo hiyo, na miaka yote hakuna aliyemwambia "mama, hebu fungua fundo tuone". Hapo bingwa wa nini?

Halafu piga hesabu, udaktari miaka 5, intani (mazoezi ya kazi hospitalini) mwaka 1, ubingwa mingine 3, akimaliza utamkuta hospitali kubwa mjini siyo zahanati ya kisiwani Ukara, na huko ndo wazee waliko.

Ila wanaotaka mabingwa wana pointi, tena nzito. Ugonjwa kwa mzee unajificha: nimonia inakuja bila homa, yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) inaanza kwa kuchanganyikiwa usiku. Na huku Usukumani bibi akianza kuongea peke yake usiku watu hawasemi yutiai, wanasema mchawi, tunajua vibibi vilivyouawa kisa macho mekundu, macho ya moshi wa jikoni tu jamani. Hayo nani atamfundisha mwanafunzi kama chuoni hakuna aliyebobea?

Kwenye makaratasi tupo vizuri, sera ya wazee ipo toka 2003, kuna dirisha la wazee na bango la Mzee Kwanza. Dirisha linakupunguzia foleni, basi. Ukishaingia ndani dokta anamuuliza mjukuu "anaumwa nini?" na bibi kakaa pale pale, ana akili zake timamu, ni vile tu Kisukuma ndo kinamtoka vizuri.

Kwa hiyo mi nasema mabingwa wachache tu, wawe walimu kwanza, wakae vyuo vya udaktari kama CUHAS pale Bugando, na matabibu wa vituo vya afya wasisahaulike maana ndo wanaoonana na wazee kila siku.

Bibi diklofenaki kaachishwa. Magoti yanamuuma vile vile, na aliyemwachisha hakumwambia atumie nini.