Diski ya CBS na hesabu ya seti: kwa nini FCC iliamua vile mwaka 1950

Katika simulizi nyingi za historia ya televisheni ya Marekani, uamuzi wa Oktoba 1950 hutajwa kama kituko. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliidhinisha mfumo wa rangi wa CBS, kampuni ya utangazaji. Mfumo huo ulitegemea diski ya vichujio iliyozungushwa na mota mbele ya kioo, na picha yake haikuonekana kwenye seti yoyote kati ya mamilioni zilizokwisha kununuliwa. Tarehe 17 Desemba 1953 tume hiyohiyo ikaidhinisha mfumo mwingine, wa kielektroniki mtupu, uliooana na seti za zamani, nao ukadumu kwa zaidi ya nusu karne. Basi watu husoma hadithi kutoka mwisho kuja mwanzo na kusema makamishna walikosa macho. Lakini mfumo ulioshinda mwaka 1953 haukuwa mezani mwaka 1950. Kilichokuwa mezani ni kitu kingine kabisa, na ni kwa hicho wanapaswa kupimwa.

Mfumo wa CBS, kazi ya mhandisi Peter Goldmark, ulirusha rangi moja baada ya nyingine. Kamera ilikuwa na tyubu moja, yaani chupa ya kioo ambamo mwale wa elektroni husoma au huchora picha mstari kwa mstari, na mbele yake diski yenye vichujio vyekundu, vya buluu na vya kijani. Nyumbani kulikuwa na tyubu moja ya kawaida ya picha nyeusi na nyeupe, na diski ya pili iliyozunguka sambamba na ile ya studio. Jicho lilijumlisha. Ukiwa na vichujio sita kwenye diski inayozunguka mara 1,440 kwa dakika, unapata nusu-picha 144 kwa sekunde (nusu-picha ni mpito mmoja wa mwale, mstari mmoja ukichorwa na mmoja ukirukwa), yaani picha kamili 24 za rangi, kwa kuwa kila moja ilihitaji nusu mbili kwa kila rangi.

Kwa nini 144, wakati televisheni ya kawaida iliridhika na 60? Kwa sababu ukigawa 60 kwa rangi tatu, kila rangi inabaki na zamu 20 tu kwa sekunde, na kioo kinapepesa mpaka macho yanauma. Ndipo bei ilipoanzia. Upana wa chaneli ulikwisha kufungwa kwenye megahezi 6 tangu 1941, kwa hiyo kila nusu-picha uliyoongeza ilibidi uilipie kwa kupunguza undani. CBS ikashusha mistari kutoka 525 hadi 405, na muda wa kuchora mstari mmoja ukashuka kutoka mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 63.5 hadi karibu 34. Kwa masafa yaleyale, undani wa ulalo ukabaki kama nusu tu. Mkosoaji yeyote wa mfumo huu anaanzia hapa, na hakosei.

Ila undani kwenye karatasi ni jambo moja, picha inayoonekana ni jambo lingine. Tyubu moja ikipokea rangi zote tatu, rangi hizo hukaa mahali pamoja bila mtu kuhangaika. Uso wa mtangazaji hauna ukingo mwekundu upande huu na wa kijani upande ule. Mpinzani mkuu, RCA, kampuni ya kutengeneza seti, alikuja kwenye vikao vilivyoanza Septemba 1949 na kamera ya tyubu tatu, na seti iliyounganisha picha za tyubu tatu kwa vioo vinavyotenganisha rangi. Kila tyubu ina mkunjo wake, kila koili ina joto lake. Ukizipanga asubuhi, jioni zimehama. Tofauti ya mstari mmoja inatosha kuharibu midomo ya mtu. Maonyesho ya RCA ya Oktoba 1949 yaliaibisha kampuni yenyewe, maana rangi zilihama na kubadilika hata kati ya seti mbili zilizosimama bega kwa bega. Wakati huohuo CBS ilikuwa ikiwaonyesha madaktari upasuaji kwa rangi, kwenye waya wa ndani, na watu wa kazi ile hawawezi kuridhika na nyama isiyojulikana kama ni nyekundu au ya zambarau.

Tyubu moja ya kielektroniki yenye rangi tatu, ile ya sahani yenye matundu ambayo baadaye iliingia kila nyumba, RCA iliionyesha Machi 1950. Ilikuwa kifaa cha maabara. Hakuna kiwanda kilichokuwa kimethibitisha kwamba kinaweza kuitengeneza kwa maelfu. Kamati ya wanasayansi iliyoongozwa na Edward Condon kwa ombi la Seneti iliandika Julai 1950 kwamba kila mfumo una ubora wake, haikuchagua mshindi, na ikaona kwamba wa CBS ndio uliofika mbali zaidi katika kukamilisha uwezo wake. Kwa maneno mengine, tume iliombwa ichague kati ya kitu kinachofanya kazi na ahadi.

Sasa njoo kwenye hesabu, kwa sababu bila hiyo uamuzi wote hauna maana. Mwanzoni mwa 1950 Marekani ilikuwa na takriban seti milioni 4. Mwishoni mwa mwaka zilikuwa zimepita milioni 10. Viwanda vilitoa zaidi ya milioni 7 ndani ya mwaka huo mmoja, karibu 600,000 kwa mwezi, seti 20,000 kwa siku. Vituo vipya vilikuwa vimesimamishwa tangu Septemba 1948, tume ikipanga upya chaneli, lakini hakuna aliyesimamisha mauzo ya seti. Kila kikao cha wiki moja kiliongeza zaidi ya seti 100,000 zisizoweza kupokea mfumo wa CBS. Kila mwezi wa kungoja ahadi ya RCA ulikuwa kura ya RCA, hata kama hakuna kamishna aliyenyanyua mkono.

Tume ililiona hilo, na hapa ndipo simulizi za kawaida huwa fupi mno. Ripoti yake ya kwanza, ya tarehe 1 Septemba 1950, haikuipa CBS ushindi moja kwa moja. Iliwaambia watengenezaji: wekeni kwenye seti zenu mpya uwezo wa kubadili kasi ya mistari na ya nusu-picha, ili ziweze kupokea angalau kwa nyeusi na nyeupe mfumo wowote utakaochaguliwa, nasi tutaahirisha uamuzi na kuendelea kutazama mifumo mipya. Walipewa hadi mwisho wa Septemba. Watengenezaji wengi walikataa au walisema muda hautoshi. Oktoba tume ikaamua. Mtu anaweza kusema muda ulikuwa mfupi, na ulikuwa mfupi kweli. Lakini aliyetaka subira alipewa njia ya kuipata.

Je, ombi lile lilikuwa jepesi kiufundi? Hapana, na wahandisi wa viwandani hawakuwa wakaidi tu. Kupandisha nusu-picha kutoka 60 hadi 144 ni kazi ndogo: kipingamizi kimoja, kapasita, na swichi. Kazi iko kwenye mstari. Seti ya kawaida inachora mistari 15,750 kwa sekunde. CBS ilitaka 29,160. Transfoma ileile inayosukuma mwale kwenda na kurudi ndiyo inayotoa volti za juu za tyubu, kwa hiyo ukiibadilishia kasi, upana wa picha unapungua, mwanga unayumba, na muda wa mwale kurudi, uliotosha zamani, sasa unakula sehemu ya picha. Koili za shingoni zilizosukwa kwa kasi ya chini zinakuwa nzito mno kwa kasi mpya. Kuna na tatizo lisilotajwa sana, nalo ni mngurumo wa umeme. Nusu-picha 60 zinakwenda pamoja na umeme wa hezi 60, kwa hiyo mngurumo ukivuja hutulia mahali pamoja na mtazamaji hauoni. Kwa 144, kivuli kilekile kinatembea juu ya kioo, nawe unalazimika kuongeza kapasita kwenye sehemu ya umeme. Hayo yote yanafanyika, lakini yana gharama, na hakuna mtengenezaji aliyekuwa tayari kuwalipisha wateja kwa ajili ya mshindani wa RCA.

Diski nayo ilikuwa na kikomo kisichobembelezwa. Picha inapaswa kukaa upande mmoja wa mhimili, kwa hiyo kipenyo cha diski lazima kizidi mara mbili ya upana wa picha. Kwa tyubu ya inchi 12 na nusu unahitaji diski ya zaidi ya inchi 25, na kabati la kuificha. Watu walikuwa wameanza kununua inchi 16, 17 na 20. CBS ilijibu kwa kuweka lenzi ya kukuza mbele ya kioo, na kweli picha ilikua, mradi ukae katikati. Vichujio vilimeza sehemu kubwa ya mwanga. Kitu kikipita haraka mbele ya kamera kiliacha pindo za rangi, kwa kuwa wekundu wake ulipigwa wakati mmoja na ukijani wake wakati mwingine. Kwa mechi ya mpira hilo si dogo.

Kwa hiyo upande wa RCA ulikuwa na hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ndiyo hesabu ileile ya seti, ikisomwa kutoka upande wa mtangazaji. Mwenye kituo anauza watazamaji kwa wenye matangazo ya biashara. Saa moja ya mfumo wa CBS ni saa moja ambayo mamilioni wanaona michirizi. Nani atailipia? Tume ilikuwa na mamlaka juu ya mawimbi. Haikuwa na mamlaka ya kulazimisha kiwanda kitengeneze, wala duka liuze, wala baba anunue adapta ya seti aliyoinunua mwaka jana. Waliopinga ndani ya tume yenyewe, George Sterling na Frieda Hennock, walitaka muda zaidi, na sidhani walikuwa watumwa wa mtu.

Kilichofuata kinaonyesha hesabu ilivyoshinda. RCA ilikwenda mahakamani Chicago, ikashindwa, ikakata rufaa, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaipa tume haki tarehe 28 Mei 1951. Miezi ile saba ilikuwa mamilioni mengine ya seti. Tarehe 25 Juni 1951 CBS ilirusha kipindi chake cha kwanza cha kibiashara cha rangi, kutoka New York hadi Boston, Philadelphia, Baltimore na Washington, akiwemo mtangazaji maarufu Ed Sullivan. Nchi ilikuwa na seti takriban milioni 12, na zilizoweza kukionyesha kwa rangi zilihesabika kwa makumi. CBS haikuwa na kiwanda mpaka iliponunua kampuni ya Hytron mwaka huohuo, na seti zake, kwa dola 499.95, hazikuzidi 200 au karibu na hapo. Oktoba 1951 ofisi ya uhamasishaji wa ulinzi iliomba uzalishaji usimame kwa sababu ya vita vya Korea. Matangazo yakaisha tarehe 20 ya mwezi huo kwa mechi ya futiboli kati ya North Carolina na Maryland. CBS haikupigana na ombi lile, na ni rahisi kuelewa sababu.

Kosa kubwa la tume, kwa maoni yangu, halikufanyika 1950. Lilifanyika Machi 1947, CBS ilipoomba rangi iruhusiwe kwenye masafa ya juu, kwa chaneli pana za megahezi 16, ambako mistari 525 ingebaki bila kuguswa. Tume ilisema bado mapema. Wakati huo seti nchini zilihesabika kwa makumi ya maelfu. Diski ingebaki diski, na pindo za rangi zingebaki, lakini nusu ya malalamiko ya 1950, yaani undani uliokatwa ili utoshee megahezi 6, yasingekuwepo, na wenye seti za zamani wangekuwa wachache kiasi cha kufidiwa. Miaka mitatu na nusu baadaye tume ilijaribu kuokota maji yaliyokwisha kumwagika.

Na mfumo wa 1953? Ulikuwa kazi ya kamati ya viwanda vingi. Ulibeba mwangaza kwa undani kamili na kuificha rangi, kwa undani mdogo, kwenye wimbi la pembeni la megahezi 3.58. Ili wimbi hilo lisigongane na sauti, nusu-picha zilishushwa kutoka 60 hadi 59.94, na kila mhariri wa video anayekutana leo na 29.97 (picha kamili kwa sekunde, nusu ya 59.94) anakutana na deni hilo. Rangi ilitegemea wakati wa wimbi. Likichelewa kidogo njiani, ngozi inageuka kijani, na ndiyo maana seti za Marekani zilikuwa na kitufe cha kurekebisha rangi ya nyuso. Kamera ya RCA ilibaki na tyubu tatu, ilihitaji mwanga mkali na fundi wa kuzipanga kila mara. Seti ya kwanza ya RCA, CT-100 ya 1954, iligharimu dola 1,000 kwa kioo cha inchi 15.

Wanaosema kuoana na seti za zamani kuliokoa rangi wanapaswa pia kueleza mwaka 1964, zaidi ya miaka kumi baada ya idhini, ambapo nyumba zenye seti ya rangi zilikuwa kama 3 katika kila 100 zenye televisheni. Kuoana kulimlinda mwenye seti ya zamani, na kulimwondolea sababu ya kununua mpya. Diski nayo haikufa. Kamera za Westinghouse zilizokwenda na Apollo 10 mwaka 1969, na zilizofuata mwezini, zilikuwa na tyubu moja na gurudumu la vichujio mbele yake, kwa sababu kamera ya tyubu tatu ilikuwa nzito mno na isingebaki imepangika baada ya kutikiswa na roketi. Picha zilipofika duniani zilibadilishwa kuwa za mfumo wa 1953 kabla ya kurushwa majumbani.