Simu imesema sawa, lakini rubani je?

Jumamosi moja nilipanda juu kabisa ya ghorofa letu hapa Lang'ata, Nairobi, nikapenya kati ya shuka zilizoanikwa na matangi meusi ya maji, nikarusha droni. Jua la saa kumi na moja jioni lilikuwa tamu. Simu ilionyesha mita 118, nami nikajiona mtiifu wa sheria, maana kikomo chetu ni futi 400, yaani mita 122.

Mara ndege ndogo ikapita ikishuka kwenda uwanja wa ndege wa Wilson. Haikukaribia droni yangu hata kidogo, ila magoti yalilegea. Mzee jirani aliyekuwa akianua nguo akaniuliza, "Kijana, huyo rubani anajua hicho kidude chako kiko huko?"

Sikuwa na jibu. Usiku nikakaa na kanuni za droni za mwaka 2020. Kumbe zile mita 118 simu huzihesabu kuanzia pale droni iliporukia. Mimi niliirushia juu ya ghorofa, kama mita 15 kutoka ardhini, kwa hiyo nilikuwa kwenye mita 133. Lakini hilo lilikuwa dogo. Pale nilipo sikupaswa kurusha hata mita mbili bila idhini: droni hukaa kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege, na 7 kutoka vidogo. Chukua ramani, zungushia duara Wilson, uwanja mkuu wa JKIA na kambi ya jeshi la anga kule Eastleigh, kisha uone Nairobi imebakiwa na nini. Jumba la mikutano la KICC limo ndani. Bustani ya Uhuru Park imo.

Wapo wanaosema sisi warusha droni ni wakaidi. Mimi naona wengi wetu tumefundishwa na YouTube, na mwalimu wetu anaishi Marekani. Ndiyo sababu hukosi kusikia, "Yangu ni gramu 249, haisajiliwi." Huo ni msamaha wa Mmarekani anayerusha kwa kujifurahisha. Hapa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, inataka droni isajiliwe, na hata kuiingiza nchini kuna kibali chake. Aliyeniuzia yangu alinisifia betri ya ziada na mkoba wake dakika ishirini nzima. Kibali hakukigusia.

Halafu kuna hii imani yetu kwamba programu ya simu ikikubali, tumeruhusiwa. Ikinyamaza, maana yake ni kwamba waliounda droni hawakuchora mpaka hapo, basi. Mnara wa Wilson haujui kama upo. Naye rubani anayerudi na watalii kutoka mbuga ya Maasai Mara hawezi kuona kitu cha ukubwa wa njiwa mpaka kiwe kiooni.

Yangu sasa iko kabatini. Yule mzee kila tukipishana kwenye ngazi huniuliza, "Umesajili?"

Namwambia bado najaza fomu. Ni kweli, nimefika ukurasa wa kwanza.